Ndugu watatu, mhudumu mmoja: nani alipe PAYE?

Assalaam aleikum Mshauri,

Mimi ni kitinda mimba katika watoto watatu. Naishi Tudor, Mombasa, pamoja na mume wangu, watoto wawili na mama yangu mzazi. Mama ana miaka 74, ni mwalimu mstaafu. Desemba 2024 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukapooza. Akili yake ni nzima, alhamdulillahi, lakini kuoga, kuvaa na kula anahitaji mtu.

Mimi nina duka la vitambaa na siwezi kulifunga. Tulikaa kwenye simu ndugu watatu, tukaamua kutafuta mhudumu. Tulimpata kupitia jirani. Ni dada wa makamo, aliwahi kufanya kazi ya usaidizi katika zahanati, ana subira na mama anampenda. Alianza Januari 2025. Huja saa moja asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Tulikubaliana shilingi 28,000 kwa mwezi, mkononi. Kaka yangu aliye Doha hutuma 12,000, dada yangu wa Nairobi 10,000, na mimi natoa 6,000 kwa kuwa nyumba na chakula ni juu yangu. Kila mmoja humtumia mhudumu sehemu yake moja kwa moja kwa M-Pesa. Hatukuandikiana kitu.

Mwezi uliopita mtoto wake alilazwa. Alipofika hospitalini aliambiwa michango yake ya SHA, bima ya afya ya serikali, haijalipwa. Alilipa kutoka mfukoni, pesa ya kukopa. Alipokuja kazini aliniuliza kwa upole, mpaka nikaona aibu: "Kwani nyie hamnikati?" Nikasema nitauliza.

Nilipouliza ndipo vita vikaanza. Kaka anasema mambo ya PAYE, ile kodi ya mshahara anayoikata mwajiri, ni ya makampuni, sisi ni familia tu tunamsaidia mama, na kwanza yeye hayuko Kenya. Dada anasema tumuandikie mhudumu barua kwamba ni mkandarasi wa kujitegemea, ajilipie mwenyewe kodi na SHA yake. Halafu akauliza kama zile 10,000 anazotoa zinaweza kupunguzwa kwenye kodi ya mshahara wake, maana anamtunza mzazi. Binamu yetu naye akaongeza lake: tumkatie mama kadi ya ulemavu, kodi yote itaondoka. Na juzi kaka amekuja na wazo jipya, mhudumu ahamie kwetu alale hapa, mshahara upunguzwe kwa kuwa tutakuwa tumempa malazi.

Mimi nimebaki katikati. Naogopa nikianza kumkata ataondoka, na mama hatamkubali mwingine. Naogopa pia KRA, watu wa kodi, wakijua. Na kusema kweli, naona haya kumtazama usoni.

Nifanye nini?

Kitinda Mimba, Mombasa

*

Wa aleikum salaam, kitinda mimba mwenzangu. Mimi pia ni wa mwisho kwetu, najua jinsi mashauri ya ndugu yanavyoamuliwa kwa simu kisha mzigo ukaletwa mlangoni kwa aliyebaki nyumbani.

Nimekaa kwenye dawati la mishahara miaka mingi kabla ya kuanza kujibu barua. Jambo lililonigusa katika barua yako si kodi hasa. Ni lile swali la mhudumu, "Kwani nyie hamnikati?" Huyo ni mfanyakazi aliyekuwa akiamini kwamba kuna mtu anashughulikia mambo yake, na kumbe hakuna. Anapokea pesa kutoka namba tatu za simu, lakini hana hata mwajiri mmoja. Ukilitatua hilo, mengine ni hesabu.

Kwa hiyo tuanze na kaka wa Doha. Sheria ya Ajira ya 2007 haikuwaacha nje watu wa majumbani. Anayemweka mtu kazini kwa mshahara, akampangia saa na kumwelekeza la kufanya, ni mwajiri, awe na kiwanda Changamwe au awe na mama mgonjwa Tudor. PAYE haiulizi kama una kampuni, inauliza kama unalipa mshahara. Sheria hiyo hiyo inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na anayetakiwa kuuandaa ni mwajiri. Nyinyi mmepita miezi kumi.

Sasa mwajiri ni nani kati yenu watatu? Kwenye mtandao wa KRA, ule wa iTax, wajibu wa PAYE unasajiliwa kwenye PIN, yaani namba ya mlipakodi, ya mtu mmoja. Ningekuwa mimi, ningeuandika kwa jina lako. Wewe ndiye unayemfungulia mlango asubuhi, wewe ndiye unayemwambia leo mama ana miadi na daktari. Mama mwenyewe angeweza, maana akili yake ni nzima na mwalimu mstaafu lazima ana PIN, lakini kumtwika mgonjwa tarehe za kila mwezi sioni busara yake. Kaka na dada waache kumtumia mhudumu pesa. Wakutumie wewe, kabla ya tarehe 28, na wewe umlipe mara moja kutoka namba moja. Wala usiogope kwamba pesa hizo zitahesabiwa kuwa mapato yako ya duka. Mchango wa ndugu kwa matunzo ya mzazi si kipato. Ila uweke daftari: tarehe, kiasi, nani ametuma. Wenye biashara kama wewe hawapaswi kuchanganya namba ya duka na pesa za nyumbani, kwa hiyo ukiweza tumia laini nyingine.

Hilo la mkandarasi la dada yako nimelisikia kwa watu wengi, na wengi wao ni wasomi. Barua haibadilishi kazi. Mkandarasi wa kweli ana wateja wengine, huja kwa ratiba yake, akishindwa humtuma mwenzake, na hukuletea ankara. Mhudumu wenu anakuja saa moja kila siku, siku sita kwa wiki, nyumba moja, mgonjwa mmoja, kwa maagizo yenu. Hata mngemwita kibarua wa kutwa isingesaidia, kwa sababu sheria inasema kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mzima anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mkataba. Kumwambia "jilipie mwenyewe" baada ya kuona mtoto wake amelazwa bila bima si ushauri wa kodi, dada yangu. Unajua ni nini.

Njia pekee ya kuuondoa wajibu huo mikononi mwenu kwa haki ni kuajiri kupitia kampuni ya wauguzi wa nyumbani ambayo yenyewe ndiyo mwajiri. Hapo nyinyi mnalipa ankara ya kampuni, iliyotolewa kwenye eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, na makato ya mfanyakazi ni juu yao. Ni ghali zaidi. Na tahadhari: zile ofisi za mitaani zinazokuletea mtu, zikachukua ada yao na kupotea, si waajiri. Zimekuonyesha mtu tu, mwajiri ni wewe.

Haya, tuhesabu. Nachukua kwanza kwamba 28,000 ni mshahara kabla ya makato, na natumia viwango vya mwaka 2025.

NSSF, ile akiba ya uzeeni, ni asilimia 6 ya mshahara kutoka kwake, yaani 1,680, na wewe unaongeza kiasi hicho hicho. SHA, au tuseme mfuko wake wa SHIF, ni asilimia 2.75, yaani 770, na hapo mwajiri haongezi kitu. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5 kutoka kwake, 420, na wewe 420. Jumla ya makato yake hadi hapo ni 2,870. Tangu mwisho wa Desemba 2024, makato haya matatu huondolewa kwanza kabla ya PAYE kupigwa, jambo ambalo watu wengi bado hawajalizoea. Kwa hiyo kinachotozwa kodi ni 25,130. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, ambayo ni 2,400. Zinazobaki, 1,130, zinatozwa asilimia 25, ambayo ni 282.50. Kila mlipakodi mkaazi ana nafuu ya 2,400 kwa mwezi. Ukiiondoa, PAYE yake ni shilingi 282 na senti 50.

Umeona? Hiyo kodi mliyogombania mpaka kaka akapandisha sauti kutoka Doha haifiki bei ya kuku wa kienyeji. Mzigo wenyewe uko kwenye michango mingine, na sehemu kubwa ya michango hiyo ni akiba yake ya uzeeni na matibabu ya mwanawe.

Kwa hesabu hiyo yeye angebaki na 24,847.50 mkononi, na nyinyi mngetoa jumla 30,100. Hapo ndipo hofu yako ya kuondoka inapokuja, na ni hofu ya haki. Mlimwahidi 28,000 mkononi. Neno "mkononi" ulilitumia mwenyewe kwenye barua. Ukimwambia leo kwamba atapata elfu tatu pungufu kwa sababu nyinyi mmegundua sheria, atakuona umemgeuka.

Kwa hiyo geuzeni hesabu. Mshahara ukiandikwa 32,700, NSSF yake ni 1,962, SHIF 899.25, ushuru wa nyumba 490.50, PAYE 1,337 na senti kidogo. Anabaki na 28,011. Wewe unaongeza 1,962 za NSSF na 490.50 za nyumba, gharama yote inakuwa 35,152.50. Tofauti na mnachotoa sasa ni 7,152.50 kwa mwezi. Mkigawana sawa ni kama 2,384 kila mtu. Mimi ningeichagua hii, na ningemwomba kaka abebe zaidi, maana Qatar haitozi kodi ya mshahara na yeye anajua hivyo. Mkishindwa kabisa, kaeni na mhudumu mkubaliane mahali pa katikati, lakini mkae naye mezani. Msimtumie ujumbe wa simu.

Usishangae PAYE ilivyoruka kutoka 282 hadi 1,337. Kila shilingi inayozidi ile 24,000 ya kwanza inatozwa asilimia 25, mpaka 32,333, kisha asilimia 30. Ndiyo sababu kumhakikishia mtu kiasi cha mkononi kunagharimu zaidi ya unavyodhani, na ndiyo sababu kwenye mkataba utaandika 32,700 kabla ya makato, wala usiandike "28,000 mkononi". Serikali ikibadilisha viwango kesho, mkataba wa "mkononi" unakuangukia wewe peke yako.

Andika pia kwamba 32,700 ni pamoja na posho ya nyumba, ama utenganishe mshahara wa msingi na posho. Mfanyakazi asiyepewa malazi anastahili posho ya nyumba ya asilimia 15 juu ya mshahara wa chini. Kwa wafanyakazi wa majumbani katika miji kama Mombasa mshahara huo wa chini uliwekwa kuwa 16,113.75 Novemba 2024, kwa hiyo mko juu. Lakini mkataba usiposema, anaweza siku moja kudai posho juu ya mshahara wote, na atasikilizwa.

Nimepiga pia hesabu ya saa, maana macho yangu hayawezi kuacha. Saa moja hadi saa kumi na moja ni saa kumi. Toa saa moja ya chakula cha mchana, zinabaki tisa, mara siku sita ni 54. Wiki ya kawaida chini ya agizo la jumla la mishahara ni saa 52. Mmezidi mbili, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Jumamosi mwache aondoke saa tisa. Hakuna atakayelipia kitu, na atafika kwake kabla ya foleni ya jioni.

Hapo hapo namjibu kaka kuhusu kumhamishia kwenu. Malazi yana thamani mbele ya KRA, huongezwa kwenye kipato chake kwa kupiga PAYE. Mtakachookoa ni posho ya nyumba tu. Na mtu akilala kwenu, mama akiita saa nane za usiku ataamka nani? Sitaki kusema zaidi, lakini mhudumu anayelala ndani bila saa zilizoandikwa huishia kufanya kazi ya watu wawili. Kama mama anahitaji mtu wa usiku, ajirini mtu wa usiku.

Dada wa Nairobi hawezi kupunguza 10,000 zake kwenye kodi yake. Gharama za nyumbani na za familia hazipunguzwi kwenye mapato yanayotozwa kodi Kenya, hata zikiwa za mzazi mgonjwa. Nchi nyingine zina nafuu ya aina hiyo, sisi hatuna. Nawe usijaribu kuuingiza mshahara huu kwenye vitabu vya duka kana kwamba mhudumu anauza vitambaa. Nasema hivi kwa sababu mtu atakushauri.

Binamu na kadi ya ulemavu: amesikia kitu cha kweli akakiweka pasipo pake. Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, akapata cheti cha KRA, husamehewa kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za kipato chake kwa mwezi. Lakini ni kipato chake yeye. Mama ana pensheni, na pensheni ya mtu aliyetimiza miaka 65 haitozwi kodi kamwe, kwa hiyo hapo hakuna cha kusamehewa. Wala msamaha wa mama haumhamii mhudumu wala mwajiri. Kadi yenyewe ichukueni, ina faida nyingine, ila si dawa ya jambo hili.

Sasa yaliyopita, nayo ndiyo sehemu chungu. Januari hadi Oktoba ni miezi kumi. Tukichukua 28,000 kuwa mshahara kabla ya makato, mlichopaswa kupeleka kila mwezi ni 5,252.50: NSSF 3,360, SHIF 770, ushuru wa nyumba 840 na PAYE 282.50. Mara kumi ni 52,525. Sehemu yake yeye msimdai. Kukata ni kazi ya mwajiri siku ya malipo, na nyinyi ndio mlioacha. Hizi ni zenu watatu.

Juu yake kuna faini. PAYE iliyochelewa ina asilimia 5 ya faini na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Ushuru wa nyumba uliochelewa huongezeka asilimia 3 kila mwezi. Lakini inayouma ni ile ya kuchelewesha ritani, yaani taarifa ya kodi: asilimia 25 ya kodi au shilingi 10,000, ile iliyo kubwa, na ritani ya PAYE ni ya kila mwezi. Fikiria, kodi yenu ya miezi kumi haizidi 2,825, na faini ya ritani pekee inaweza kufika 100,000. Nimewahi kuwaona watu wazima wakilia kwenye kaunta kwa hesabu za namna hii. Na ule msamaha wa faini uliofungwa tarehe 30 Juni 2025 hauwagusi, ulihusu madeni ya hadi Desemba 2023.

Kuna watakaokunong'oneza kwamba usajili wajibu kuanzia mwezi huu, uandike ameanza kazi juzi. Siwezi kukuambia hivyo. Rekodi za M-Pesa za miezi kumi zipo kwenye simu nne, na siku mhudumu atakapoondoka kwa ugomvi, ofisi ya kazi itakuwa ya kwanza kuziona. Ninachokuambia ni hiki: kabla ya kubonyeza chochote kwenye iTax, nenda Huduma Centre au ofisi ya KRA ukiwa na vitambulisho na orodha ya malipo, ueleze kwamba wewe ni mwajiri wa nyumbani uliyeanza Januari, na uulize utaratibu wa kulipa kwa awamu. Ukiweza, mlipe wakala wa kodi mwenye leseni akusindikize. Pesa ya wakala ni ndogo kuliko ritani moja iliyokosewa. NSSF na SHA zilipe bila kungoja, zile hazisubiri KRA, na ndizo zinazomgusa yeye leo.

Utaratibu wenyewe, ukishaanza, si mgumu kama watu wanavyoutisha. Yeye awe na PIN yake, namba ya NSSF na awe ameandikishwa SHA. Wewe unajisajili kuwa mwajiri NSSF na SHA, na kwenye iTax unaongeza wajibu wa PAYE kwenye PIN yako. Kila mwezi unajaza ritani, mtandao unakupa namba ya malipo, unalipa kwa simu. Ukiishika tarehe 9 ya mwezi unaofuata kwa kila kitu, hukosei. Ritani hupelekwa hata mwezi ambao PAYE ni sufuri. Mpe karatasi ya mshahara inayoonyesha kila kilichokatwa, hata ukiiandika kwa mkono, ni haki yake kisheria. Januari utampa fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka mzima, naye ataitumia kuwasilisha ritani yake kabla ya tarehe 30 Juni. Msaidie hapo, wengi hukwama na kulipishwa faini kwa mshahara ambao kodi yake ilishalipwa.

Mambo mawili hukuuliza, nami nakuuliza. Amepumzika lini? Ana haki ya siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na Januari anatimiza mwaka, kwa hiyo anzeni kupanga nani atakaa na mama. Na je, mna bima ya kuumia kazini? Sheria ya fidia ya 2007 inamtaka mwajiri awe nayo, na kumwinua mgonjwa aliyepooza upande mmoja ndiyo kazi inayovunja migongo. Ulizia kampuni za bima hapo Mombasa, wakati huo huo ukitafuta ule mkanda wa kumnyanyulia mgonjwa. Faida ya NSSF ambayo kaka pengine ataielewa haraka ni hii: mfanyakazi aliyeandikishwa na kulipiwa huko hadai malipo ya utumishi siku ya kuondoka. Asiyelipiwa hudai kwa kila mwaka aliokaa.

Kuhusu haya ya kumtazama usoni. Keti naye kesho, kabla ya kaka hajamaliza kupiga kelele. Mwambie hamkuwa mkimlipia, kwamba mlikosea, na kwamba kuanzia mwezi huu utakuwa mwajiri wake kwa maandishi. Mrudishieni pesa aliyokopa hospitalini. Hilo halimo kwenye sheria yoyote, nalisema kwa kuwa mkopo ule ulitokana na makato msiyoyapeleka. Kisha muombe simu yake mhakikishe pamoja kwamba mtoto ameandikishwa chini yake kuwa mtegemezi kwenye SHA. Kulipiwa yeye peke yake hakumfikii mtoto ambaye jina lake halimo. Wakati michango inasafishwa, mtoto akiumwa homa ya kawaida ampeleke zahanati au kituo cha afya cha umma kilichoandikishwa, huko aliyesajiliwa SHA hutibiwa hata kama mchango wa mwezi haujalipwa.